Harufu ya sigara katika gari lililotumika: Manukato huificha, siki na maji huiondoa

MTU anayenunua gari lililokwisha kutumika mjini Garissa kwa kawaida hukagua injini, springi na magurudumu, kwa kuwa barabara za kuelekea Wajir na Mandera hazina huruma. Pua yake huwa ya mwisho kuulizwa. Siku chache baadaye, gari likiwa limeshinda juani, anafungua mlango na kupokewa na harufu nzito ya sigara ambayo haikuwapo siku alipolipa pesa. Siku hiyo kulikuwa na kijikadi cha manukato kikining'inia kwenye kioo, au gari lilikuwa limefukizwa uunsi asubuhi.

Magari ya eneo la Kaskazini Mashariki yana asili mbalimbali. Mengi hutoka Japani kupitia bandari ya Mombasa. Mengine yamekwisha kupita katika mikono kadhaa humu nchini, yakiwamo yaliyosafirisha miraa kutoka Maua au abiria wa safari ndefu, na dereva anayekesha barabarani akitafuna miraa mara nyingi huwa na sigara mkononi. Yapo pia yaliyostaafu kazi katika mashirika ya misaada na kuuzwa kwa mnada. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 ilipiga marufuku uvutaji wa sigara ndani ya vyombo vya uchukuzi wa umma, lakini sheria haiwezi kufua kiti kilichokwisha kunyonya moshi.

Kinachonuka ni nini?

Wengi hudhani kwamba harufu ni hewa mbaya iliyofungiwa ndani, na kwamba madirisha yakiachwa wazi kwa siku mbili tatu itatoka. Sivyo. Moshi wa sigara hubeba nikotini na chembe za utomvu mzito unaofanana na lami. Chembe hizo hutua juu ya kila kitu: kioo, plastiki ya dashibodi, kitambaa cha dari, sponji ya viti, zulia, mikanda ya usalama na mifereji ya kiyoyozi. Zikishatua hunata, kisha huachilia mvuke kidogo kidogo kwa miezi, hata miaka. Joto huongeza mvuke huo, na unyevu huuchochea. Ndiyo sababu gari lisilonuka alfajiri hunuka saa nane mchana, na lililotulia wakati wa kiangazi huanza tena mvua za Novemba zinaponyesha.

Hapa Garissa, ambako joto la Februari na Machi hupita nyuzi 36, jambo hili lina uzito wa pekee. Gari lililofungwa na kuachwa juani kwa muda wa saa moja laweza kuwa na joto linalozidi la nje kwa takriban nyuzi 20. Anayeingia wakati huo hupumua yale yaliyokuwa yamelala katika vitambaa.

Wala si suala la pua tu. Mwaka 2008 watafiti wa mjini San Diego, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa magari yaliyotumika yaliyokuwa yakiuzwa. Katika magari ya wavutaji walikuta nikotini kwenye vumbi na juu ya dashibodi. Mwaka 2010 wanasayansi wa maabara ya Berkeley, California, walionyesha kwamba nikotini iliyoganda huweza kukutana na asidi ya naitrasi iliyomo hewani, ambayo injini za magari ni mojawapo ya vyanzo vyake, ikazaa kemikali za jamii ya naitrosamini. Baadhi ya kemikali za jamii hiyo hujulikana kuwa husababisha saratani. Miongoni mwa mahali walipozikuta ni ndani ya lori la mvutaji sigara. Mtoto mchanga anayetambaa juu ya kiti, akashika kitambaa kisha akatia vidole kinywani, ndiye wa kufikiriwa kwanza.

Kukagua kabla ya kulipa

Anayeagiza gari kutoka Japani aombe karatasi ya ukaguzi ya mnada pamoja na tafsiri yake. Wakaguzi wa minada ya huko hupima sehemu ya ndani kando, na huandika matundu ya moto wa sigara yaliyopo vitini pamoja na harufu wanapoibaini. Neno lao ni "tabako", halipishani sana na tumbaku yetu. Magari ambayo hayakuvutiwa sigara hutangazwa kwa sifa hiyo. Kanuni ya Kenya ya kutoruhusu gari lililozidi miaka minane, na ukaguzi wa kabla ya kupakiwa melini, vinahusu umri na usalama; hakuna anayenusa kwa niaba yako.

Kwa gari lililopo mbele ya macho, mwombe muuzaji alifunge na kuliacha juani nusu saa, manukato yote yakiwa yameondolewa. Kisha ingia, funga mlango, washa feni huku hewa ikizunguka ndani kwa ndani, na utulie dakika chache. Teremsha kizuia jua na ulinganishe rangi ya dari iliyofichwa nyuma yake na rangi ya sehemu nyingine. Vuta mkanda wa dereva hadi mwisho. Kipande kinachokaa ndani ya roli huwa na rangi yake ya asili, na tofauti huonekana wazi. Tazama chini ya kiti kama kuna majivu au matundu.

Jaribio la kitambaa cheupe nalo ni zuri, ila kwetu linahitaji uangalifu kwa sababu ya vumbi. Kitambaa chochote kinachopita ndani ya gari la Garissa kitatoka na rangi ya udongo, na muuzaji atakuwa na haki ya kusema hilo ni vumbi la Modogashe. Basi futa kwanza sehemu ndogo ya ndani ya kioo cha mbele kwa maji matupu mpaka vumbi liishe. Halafu rudia hapo hapo kwa kitambaa kingine kilicholoweshwa siki nyeupe. Kikitoka na umanjano wenye kunata, hiyo ni tumbaku.

Muuzaji anayejua kasoro na kuifunika kwa marashi ajue kwamba fiqhi ya Kiislamu, ambayo wafanyabiashara wengi wa eneo hili huifuata, humpa mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa yenye aibu iliyofichwa. Lakini mabishano hayo ni marefu, na nusu saa ya juani ni fupi.

Kazi yenyewe

Vifaa havina gharama kubwa: siki nyeupe, sabuni ya maji isiyo kali, bekingi soda ambayo ni ule unga mweupe wa kuokea, vitambaa vingi safi, brashi laini na ndoo mbili. Siki huchaguliwa kwa sababu maalumu. Nikotini ina tabia ya magadi, na inapokutana na asidi ya siki hugeuka chumvi inayoyeyuka katika maji, hivyo huondoka na kitambaa. Harufu ya siki yenyewe hupotea baada ya siku moja au mbili.

Onyo moja lisisahauliwe. Siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, ile ambayo wengi huiita jiki. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na ndani ya gari huweza kumdhuru vibaya mtu anayefanya kazi. Bekingi soda nayo isimwagwe juu ya siki ambayo haijakauka, kwa kuwa kila kimoja hubatilisha kingine na kazi ikawa bure.

Chagua saa za asubuhi kabla ya upepo kuinuka. Toa mazulia, takataka na kisahani cha majivu, kisha ondoa vumbi lote kwa mashine ya kufyonza au kwa upepo wa pampu ya kituo cha mafuta. Hatua hii hairukwi. Vumbi likiloweshwa huwa tope, na tope likiingia ndani ya sponji ya kiti ni mzigo mwingine.

Anza juu uteremke chini. Vioo na plastiki vifutwe kwa siki na maji kwa kiasi sawa, kitambaa kikibadilishwa mara kwa mara, maana kitambaa kichafu husambaza tu kile kilichoondolewa. Usukani, vishikio vya milango na kitasa cha gia vinastahili kurudiwa mara mbili, kwani ndiko vidole vya mvutaji vilikoishi. Mikanda ivutwe hadi mwisho, ibanwe isirudi, isuguliwe kwa maji ya sabuni isiyo kali, isuuzwe na iachwe ikauke kabisa kabla ya kuachiliwa.

Dari ndiyo sehemu inayoharibiwa zaidi na watu wenye bidii. Moshi hupanda, hivyo dari ndiyo iliyonyonya zaidi, lakini kitambaa chake kimegandishwa kwa gundi juu ya ubao mwembamba. Kikilowa, gundi huachia na kitambaa huning'inia juu ya vichwa vya abiria kama turubai. Tumia kitambaa kilichokamuliwa vizuri, chenye siki sehemu moja kwa maji sehemu tatu, ukigusagusa bila kusugua, kipande kidogo kwa wakati mmoja. Jaribu kwanza kwenye pembe iliyojificha.

Viti vya kitambaa vioshwe kwa maji ya sabuni na brashi, vikaushwe kwa taulo, kisha vipitishiwe siki hafifu. Vikishakauka, vinyunyiziwe bekingi soda ilale usiku kucha, ifyonzwe asubuhi. Mazulia yaoshwe nje ya gari. Mkazi wa Wajir azingatie kwamba maji mengi ya visima vya huko ni ya chumvi. Sabuni haitoi povu vizuri na kitambaa hubaki na madoa meupe. Afadhali maji ya mvua, au ya kununua, yawekwe akiba kwa kusuuza tu. Nasi wa Garissa tusiteremshe magari mtoni. Maji ya Tana yanayopokea sabuni na masizi hayo ndiyo yanayonywewa na watu na mifugo.

Katika kukausha, mtu wa Garissa ana bahati ambayo mwenzake wa Limuru hana. Milango ikifunguliwa na chandarua kikitandazwa juu ya nafasi ili kuzuia vumbi, kiti kilicholowa kiasi huweza kukauka kwa siku moja bila kuota ukungu. Baadaye jua lenyewe hutumika kama dawa: gari hufungwa saa mbili tatu za mchana ili mabaki yageuke mvuke, kisha milango ya pande zote mbili hufunguliwa upepo uyapeleke. Rudia kwa siku kadhaa. Mtoto asiachwe ndani hata kwa dakika chache, wala kopo la marashi ya kupuliza au kiberiti cha gesi, kwani huweza kulipuka.

Kiyoyozi huachwa mwisho. Magari mengi huwa na kichujio cha hewa nyuma ya kibweta cha dashibodi. Kikitolewa kutoka gari la mvutaji huwa cheusi na chenye kunuka, nacho hakifuliki, hununuliwa kipya. Kabla ya kukitia kipya, endesha feni kwa nguvu madirisha yakiwa wazi na hewa ikiingia kutoka nje. Harufu ikiendelea kutoka kwenye matundu, mwachie fundi wa viyoyozi asafishe sehemu ya ndani inayopoza hewa.

Uunsi na ozoni

Hakuna anayelaumu uunsi. Misitu ya Wajir na Mandera hutoa ubani na manemane, na nyumba iliyofukizwa kwa dabqaad ni heshima kwa mgeni. Lakini uunsi nao ni moshi, wenye sukari na mafuta yaliyoungua, na ndani ya gari chafu huweka tabaka jipya juu ya la zamani. Isitoshe, makaa ya moto katika gari lililofungwa hutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu ya kumwonya aliye ndani. Gari likiisha kusafishwa, udi wa kupaka unatosha.

Mashine za ozoni zinazotumiwa na baadhi ya waosha magari wa mijini huvunja kemikali za harufu kwelikweli, ila ozoni hudhuru mapafu na ikizidi huchakaza mipira. Gari lisiwe na mtu wakati mashine inafanya kazi, na lipitishiwe hewa vizuri kabla ya kuingiwa. Isitumiwe badala ya kuosha; utomvu uliobaki kwenye kitambaa utaanza kunuka upya baada ya wiki chache.

Ikiwa yote hayo yamefanywa mara mbili na harufu ingalipo, kilichobaki huwa kimejificha ndani ya dari au katika sponji ya kiti cha dereva. Fundi wa viti huweza kubadilisha kitambaa cha dari na sponji moja bila kugusa viti vingine. Ulizia bei yake mapema, wakati bado unajadiliana na muuzaji, na uitoe katika ile anayoitaka.