Maloba na Mama wa Kampala

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Gregory Maloba, aliyezaliwa Mumias, Kenya, mwaka 1922, alitunzwa ugenini. Alivuka mpaka kwenda Makerere, Uganda, akafunzwa uchongaji na Bi. Margaret Trowell, kisha naye akawa mwalimu papo hapo. Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, yeye ndiye aliyeichongea Kampala sanamu ya ukumbusho. Hakusimamisha mfalme, wala askari mwenye bunduki kama yule wa Dar es Salaam wa mwaka 1927, bali mama aliyezongwa vitambaa mwilini, akimwinua juu mtoto asiye na kifungo. Mama ni nchi iliyotawaliwa; mtoto ni taifa jipya. Maloba alifariki mwaka 2007. Mama yule angali amesimama, na mtoto hajamshusha.