Historia ya Pasheni na Shamba la Bibi Yangu Mahango

Muhula uliopita tulitakiwa kila mmoja aandike historia ya tunda moja. Wenzangu wawili walichagua kranberi, tunda dogo jekundu la Amerika Kaskazini, kwa sababu habari zake ni nyingi vitabuni. Wenyeji wa kule walilichanganya na nyama kavu na mafuta tangu zamani, na mwaka 1816 lilianza kupandwa mashambani huko Massachusetts. Mimi sijawahi kulionja. Nilichagua pasheni, kwa kuwa ndiyo iliyonilipia ada ya shule, na kwa kuwa nusura ivunje ujirani wetu kule Mahango.

Nianze na jina, maana majina nayo hutunza historia. Watanzania huliita tunda hili pasheni au karakara. Waganda huliita obutunda, jina linalokaribiana sana na neno letu tunda. Ukivuka mto Lhubiriha pale Mpondwe ukaingia Kasindi, upande wa Kongo, utasikia marakuja, neno lenye asili ya Watupi wa Brazili lililosafiri kupitia Kireno. Vijana wengi hudhani pasheni lina uhusiano na mapenzi. Sivyo. Wamisionari wa Kihispania waliofika Amerika ya Kusini walilitazama ua lake wakaona humo mateso ya Yesu: nyuzi zilizozunguka katikati ni taji la miiba, vijiti vitatu vya juu ni misumari, na vile vitano vya chavua ni vidonda vitano. Kwa hiyo jina hilo maana yake ni mateso.

Asili ya pasheni ya zambarau ni kusini mwa Brazili, Paraguai na kaskazini mwa Ajentina. Katika Afrika Mashariki, kilimo chake cha biashara kilianza Kenya mwaka 1933. Mwaka 1960 kilipanuliwa, na Uganda nayo ikaanza kulima kwa ajili ya soko. Lakini mashamba makubwa ya nchi zote mbili yaliangamizwa na magonjwa na wadudu. Tunda lilibaki mikononi mwa wakulima wadogo, hasa wa nyanda za juu zenye ubaridi kama milima yetu ya Rwenzori, kwa sababu pasheni ya zambarau haipendi joto kali la bondeni.

Bibi yangu alipata mbegu zake kwa dada yake aliyeolewa Kasindi. Alizifunga kwenye pembe ya kitenge, akazipanda kando ya kahawa. Kahawa huleta fedha kwa msimu, lakini pasheni huchumwa wiki hadi wiki. Kila siku ya soko, mama aliteremka na gunia hadi barabarani, na jioni alirudi na sabuni, chumvi na sehemu ya ada yangu.

Nilipokuwa kidato cha tatu, majani yalianza kuwa na mabaka ya manjano. Matunda yakadumaa, yakawa magumu kama kuni, na ukilipasua moja hukuti rojo ila kijiko kimoja. Shamba la jirani yetu lilikuwa bado la kijani. Maneno yakaanza: ametufunga, ana kijicho. Bibi aliacha kumsalimia mama yule, ambaye walikuwa wakikopeshana jembe na moto wa kuwashia jiko. Miaka miwili hawakusemezana.

Nilipokuwa nikitafuta habari za insha hii, nilisoma maelezo ya ugonjwa uliowashinda wakulima wa zamani. Nilishtuka, kwani yalikuwa maelezo ya shamba letu. Ni virusi. Huenezwa na vidukari, na pia kisu cha kupogolea kikitoka mmea mgonjwa kwenda mzima bila kuoshwa. Sisi tulikuwa na kisu kimoja tu, nacho kilipita shamba zima. Likizo ilipofika nilimweleza bibi. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, hayo yameandikwa lini?" Nilimjibu kwamba yalijulikana kabla mama yangu hajazaliwa. Akasema, "Basi nimemnunia mtu bure." Asubuhi yake alikwenda kwa jirani na sahani ya ndizi. Yule mama alimfungulia mlango, ingawa shamba lake nalo lilikuwa limeshaanza kuugua.

Kuhusu afya, tuseme yaliyo kweli. Gramu 100 za rojo la pasheni pamoja na mbegu zake zina takriban miligramu 30 za vitamini C, gramu 10 za nyuzinyuzi, na madini ya potasiamu. Sehemu kubwa ya nyuzinyuzi imo kwenye mbegu, nasi huzichuja na kuzitupa, kisha tunaongeza sukari vijiko vinne. Pasheni ni chakula kizuri, lakini si dawa ya kila ugonjwa kama wauzaji wengine wanavyodai.

Jikoni, usikimbilie tunda linalong'aa. Lililoanza kukunjamana ndilo tamu zaidi. Kata katikati, kwangua kwa kijiko, kandamiza kwenye chujio, kisha ongeza maji yaliyochemshwa yakapoa. Ukisaga parachichi ukalichanganya na pasheni, utapata kinywaji kizito kinachoshibisha. Bibi hula lake palepale shambani, analipasua kwa meno na kumeza mbegu zote. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Kwa kumalizia, historia ya tunda si mambo ya kale tu. Maarifa yaliyopatikana zamani hayakupanda mlima kufika Mahango, na pengo hilo tulilijaza kwa kumshuku jirani. Sasa tumeng'oa mimea yote iliyougua na kuichoma. Tunapanda miche ya zambarau iliyounganishwa kwenye shina la pasheni ya manjano, ambalo hustahimili mnyauko unaotoka ardhini. Dhidi ya virusi tuna kisu kinachooshwa kwa sabuni kila mmea, na macho ya kuwatazama vidukari. Huenda tukashindwa tena. Lakini safari hii bibi na jirani yake wanapogolea pamoja.