Vita vya Nani? Ndalambo na Miaka ya Mwisho ya Vita vya Mjerumani, 1916–1918



Kiswahili kina istilahi iliyozoeleka, "vita vya wenyewe kwa wenyewe". Tunaitumia kwa Msumbiji kuanzia 1977 hadi 1992, na kwa Burundi kuanzia 1993 hadi 2005. Hatuitumii kamwe kwa Vita Kuu vya Kwanza katika Afrika Mashariki. Hivyo tumefundishwa kuviita vita vya Wazungu vilivyopiganiwa katika ardhi yetu, na wazee wetu waliviita vita vya Mjerumani. Azma yangu leo ni kuuliza iwapo majina hayo yanatosha kueleza miaka ya mwisho ya vita hivyo, na nitauliza nikiwa nimesimama, kwa mawazo, mahali pamoja tu: Ndalambo.

Ndalambo iko wilayani Momba, katika mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ni nchi ya Wanyamwanga, na Wanyamwanga wako Tanzania na wako Zambia pia. Hawakuhama ili wagawanyike. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 ulichora mstari kati ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika, na mwaka 1898 tume ya nchi hizo mbili ikaja kuupima na kuuwekea alama. Vita vilipozuka Agosti 1914, mjomba alikuwa chini ya Kaisari na mpwa wake chini ya mfalme wa Uingereza, na kati yao hakuna aliyeulizwa.

Miaka miwili ya mwanzo mpaka huo ulikuwa uwanja wa kuviziana. Wajerumani waliishambulia Abercorn, ambayo leo ni Mbala, mnamo Septemba 1914, na katikati ya 1915 wakaizingira ngome ya Saisi bila kuiteka. Mambo yaligeuka mwishoni mwa Mei 1916, pale majeshi ya Jenerali Northey yalipovuka mpaka kwa safu kadhaa kutoka Karonga hadi Abercorn. Katika muda wa siku chache Neu Langenburg, yaani Tukuyu, ilikuwa mikononi mwao, na Juni ikaanguka Bismarckburg, yaani Kasanga. Dar es Salaam na Tabora zilifuata Septemba mwaka uleule.

Wanahistoria wa kijeshi aghalabu huiweka hatua ya mgeuko mbele zaidi, katika mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917. Huko von Lettow-Vorbeck alishinda kwa hasara asiyoweza kuifidia, na mwezi uliofuata akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Sina ugomvi na hesabu yao. Lakini kwa mtu wa kijijini mgeuko haukuwa Mahiwa. Ulikuja pale jeshi lilipoacha kuwa na mahali pa kukaa, likawa kundi linalotembea na kula. Tangu hapo adui alikuwa yeyote aliyefika ghalani kwanza. Ugogo, ambako nafaka na mifugo vilichukuliwa kisha mvua ikakosekana, njaa ya miaka hiyo ilipata jina lake, Mtunya.

Kula si yote. Mzigo nao ulihitaji mabega. Mbung'o waliua wanyama wa kubeba, na barabara za magari zilikuwa chache. Waingereza peke yao waliwaandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika vita vyote, na waliokufa, kwa hesabu za serikali yenyewe, ni zaidi ya 95,000. Wengi waliuawa na kuhara, malaria na uchovu, si risasi. Upande wa Rodeshia ya Kaskazini na Nyasa waliitwa watengatenga. Kwetu sisi wanaisimu, hapa pana jambo la kutafakari: neno "askari" lilipewa sanamu mjini Dar es Salaam mwaka 1927, ilhali kikosi cha wapagazi kiliacha jina lake katika soko na mtaa wa Kariakoo, ambako wanunuzi wengi hupita bila kujua wanatamka nini.

Sasa nirudi kwenye swali la wenyewe. Ni nani waliokuwa wakipigana? Mjerumani aliwaandikisha Wanyamwezi, Wasukuma, Wangoni, Wayao. Mwingereza naye, katika jeshi la Keya, alikuwa na Wayao na Wangoni wa Nyasa. Askari wa Mjerumani walitumia Kiswahili, na vikosi vingi vya Keya vilitumia Kiswahili pia, ingawa vile vya Nyasa vilikuwa na Chinyanja chao. Mwaka 1917 Waingereza waliunda upya kikosi cha sita cha Keya kwa kuwatumia askari waliotekwa kutoka kwa Mjerumani. Mtu aliyevaa sare moja Januari aliweza kuvaa ya pili Juni na kuwakabili waliokuwa wenzake. Wanaotaka kuwaita wasaliti watueleze kwanza walilisaliti taifa gani.

Hapo ndipo pingamizi kubwa lilipo, nami nalikubali kwa sehemu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe huhitaji taifa, na taifa halikuwapo. Hata hivyo, ukoo ulikuwapo, lugha ilikuwapo, na njia za kuoleana ziliuvuka mpaka. Istilahi yetu yenyewe haitaji taifa; inasema "wenyewe" tu, na kwa hilo naona ina hekima kuliko fasili zetu za darasani.

Mwisho wa vita ulikuja kupitia kona hiihii. Septemba 1918 von Lettow-Vorbeck alirudi kuvuka Ruvuma, akapita Songea na Ubena, akamwacha huko Jenerali Wahle aliyekuwa mgonjwa, kisha akageukia magharibi. Mwanzoni mwa Novemba alikuwa mbele ya Fife, ng'ambo tu ya Tunduma, akashindwa kuiteka, akaendelea hadi Kasama. Huko Ulaya silaha ziliwekwa chini tarehe 11 Novemba. Huku watu waliendelea kupigwa risasi tarehe 12, kwa sababu simu ilikuwa haijafika. Habari zilimfikia tarehe 13, na tarehe 25 Novemba akasalimisha silaha Abercorn akiwa na Wazungu 155, askari wapatao 1,150 na wapagazi zaidi ya 1,500. Kulikuwa na wanawake na watoto pia, ambao taarifa nyingi za kusalimu amri huwapitia juu juu.

Askari na wapagazi hao walipelekwa Kasanga, wakapakiwa melini hadi Kigoma, kisha wakashushwa kambini Tabora wakati homa kuu ya mafua ikiwa imeshaingia nchini. Watengatenga wa upande wa pili walirudi kwao kwa miguu. Mpaka wa 1890 ulibaki palepale, umbali mfupi kutoka Ndalambo, ila sasa Mwingereza alikuwa akitawala kaskazini yake na kusini yake.