Tarehe za Jukwaa: Kiswahili na Misimu ya Ukumbi wa Kitaifa wa Nairobi, 1952–2022



1. Utangulizi

Historia ya tamthilia ya Kiswahili aghalabu huandikwa kwa kufuata vitabu. Tunamtaja mwandishi, tunataja mwaka wa kuchapishwa, tunachambua maudhui na fani, kisha tunahamia kwa mwandishi anayefuata. Njia hiyo imetufaa na itaendelea kutufaa. Hata hivyo, tamthilia ina historia ya pili ambayo haimo katika kurasa zake, nayo ni historia ya siku ilizopewa ukumbini. Riwaya huhitaji msomaji mmoja na taa. Mchezo huhitaji jengo. Jengo lina kalenda, na kalenda ina mtu anayeijaza.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba kalenda hiyo ni ushahidi wa isimujamii. Ikiwa tunataka kujua hadhi halisi ya lugha katika jiji, tusisome katiba na matamko peke yake. Tutazame pia ni siku ngapi lugha hiyo ilipewa jukwaa kuu, na kwa michezo ipi, mipya na ya zamani. Mfano wangu ni Nairobi, na jengo ninalolichunguza ni Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo wa Kenya.

Neno lenyewe tunalolitumia, msimu, linatukumbusha jambo. Kabla ya kuhusishwa na michezo, mazao au utalii, msimu pwani ulikuwa ni wakati wa pepo za kaskazi na kusi. Nahodha aliyekosa msimu hakuwa na la kufanya ila kuusubiri mwingine. Ndivyo ulivyo mchezo uliokosa tarehe.

2. Ukumbi wa mwaka 1952

Ukumbi wa Kitaifa ulifunguliwa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba mwaka huo huo. Mgeni aliyeufungua alikuwa Ralph Richardson, mwigizaji mashuhuri wa Uingereza. Ulijengwa mkabala na Hoteli ya Norfolk, mahali palipokuwa kituo cha walowezi. Wakati huo jiji lilikuwa tayari na kampuni ya Donovan Maule, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuwaletea Wazungu wa Nairobi michezo iliyovuma London. Kwa hiyo neno "kitaifa" lilibandikwa kwenye mlango kabla ya taifa lenyewe kuwapo, na lugha ya jukwaa ilikuwa Kiingereza bila ya haja ya kutangazwa.

Kiswahili nacho hakikuwa kimya, ila kilikuwa mahali pengine. Kilikuwa shuleni. Katika Shule ya Upili ya Alliance, ambako kuigiza Shakespeare kulikuwa desturi, mwanafunzi Henry Kuria aliandika Nakupenda Lakini..., mchezo ulioigizwa na wanafunzi katikati ya miaka ya 1950 na kuchapishwa 1957. Graham Hyslop, afisa wa serikali aliyeshughulikia muziki na drama, alitoa Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu mwaka huo huo wa 1957. Gerishon Ngugi akafuata na Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi mwaka 1961. Tamthilia iliyoandikwa ya Kiswahili nchini Kenya ilizaliwa, basi, ikiwa na mipaka ya darasa. Tutaona kwamba mipaka hiyo haijaondoka hata leo.

3. Oktoba 1976

Miaka kumi na mitatu baada ya uhuru, swali la kalenda lilijitokeza hadharani. Kenya ilikuwa inajiandaa kwa FESTAC, tamasha la sanaa za watu weusi na Waafrika lililofanyika Lagos mwanzoni mwa 1977. Michezo miwili iliteuliwa: The Trial of Dedan Kimathi, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo na kuelekezwa na Seth Adagala, na Betrayal in the City wa Francis Imbuga, ulioelekezwa na Tirus Gathwe. Wahusika walitaka michezo hii ionyeshwe nyumbani kwanza, katika Ukumbi wa Kitaifa, mwezi Oktoba. Sababu zao zilieleweka. Tarehe 20 Oktoba ilikuwa Siku ya Kenyatta, ya kukumbuka kukamatwa kwa viongozi 1952. Kimathi mwenyewe alikuwa amekamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, miaka ishirini kamili nyuma. Aidha, Mkutano Mkuu wa 19 wa UNESCO ulikuwa unafanyika Nairobi kuanzia mwishoni mwa mwezi huo, na wageni kutoka pembe zote za dunia wangekuwapo jijini.

Jibu lilikuwa kwamba tarehe zilikuwa zimekwisha kutolewa. Kalenda ilikuwa na onyesho la vijana wacheza baleti kutoka Ufaransa, na pia A Funny Thing Happened on the Way to the Forum, mchezo wa vichekesho na nyimbo kuhusu Roma ya kale, uliotoka New York mwaka 1962 na sasa ulikuwa unarejeshwa jukwaani na kundi la waigizaji wa jijini. Baada ya mabishano yaliyofika magazetini, michezo miwili ya Kenya ilipewa siku nne kila mmoja. Ule wa Kimathi ulifunguliwa tarehe 20 Oktoba. Ngũgĩ ameeleza katika maandishi yake jinsi watazamaji walivyojiunga na waigizaji katika wimbo na ngoma mwishoni, wakatoka nao nje hadi barabarani.

Tukio hili limejadiliwa sana kama mgogoro baina ya utamaduni wa kigeni na wa wenyeji, na ni sahihi kulijadili hivyo. Mwanaisimu, hata hivyo, ana swali moja la kuongeza. Michezo yote iliyogombea tarehe hizo na iliyotumia maneno, ya Wakenya na ya wageni, msingi wake ulikuwa Kiingereza. Katika mchezo wa Kimathi kulikuwa na nyimbo na kauli za lugha za nyumbani, lakini mazungumzo yaliyoibeba hoja yalikuwa ya Kiingereza. Ushindi wa siku nane ulikuwa ushindi wa maudhui. Lugha haikuwa imegombewa bado.

4. Bunge na jukwaa

Hali hii inashangaza zaidi tukikumbuka yaliyokuwa yakitokea Bungeni. Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta aliagiza kwamba mijadala ya Bunge iendeshwe kwa Kiswahili. Sheria ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kiliruhusiwa tena katika mijadala mwaka 1979. Lakini mnamo Oktoba 1976 mbunge aliyesimama kuzungumza Nairobi alilazimika kutumia Kiswahili, ilhali mwigizaji aliyesimama jukwaani katika jiji hilo hilo hakutarajiwa kukitumia. Jukwaa la siasa lilikuwa limebadilishwa kwa amri. Jukwaa la sanaa halikuguswa na amri hiyo, kwa kuwa kalenda yake ilifuata mazoea, kodi ya ukumbi na ladha ya wanunuzi wa tiketi.

Kiswahili kilifika baadaye, na kilifika kama kitabu. Tafsiri ya Raphael Kahaso, Mzalendo Kimathi, ilichapishwa 1978. Mfuatano huo unafaa kuzingatiwa: Kiingereza kilipata jukwaa, Kiswahili kikapata chapa. Kwa upande wa Tanzania mambo yalikuwa yamekwenda kinyume. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, nayo ikiwa ni tamthilia ya kihistoria juu ya vita dhidi ya ukoloni, iliandikwa na kuigizwa kwa Kiswahili kwanza mwaka 1969, na tafsiri ya Kiingereza, iliyofanywa na mwandishi mwenyewe, ikafuata mwaka uliofuata.

Ngũgĩ alilichukua swali la lugha kwa njia nyingine. Tarehe 2 Oktoba 1977, Ngaahika Ndeenda, aliouandika kwa Kigikuyu pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ulifunguliwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, katika jukwaa la wazi lililojengwa na wanakijiji wenyewe. Kibali kiliondolewa katikati ya Novemba, na kabla ya mwaka kwisha Ngũgĩ alitiwa kizuizini. Mwaka 1982 kundi hilo lilizuiwa kuonyesha Maitũ Njugĩra katika Ukumbi wa Kitaifa. Mwaka huo huo tafsiri ya Kiswahili ya Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda ya Clement Kabugi, ilichapishwa. Kwa mara nyingine, Kiswahili kilikuwa mlangoni kikiwa na kitabu mkononi.

5. Tamthilia iliyogeuka kuwa kitabu

Hapa sina budi kugusia istilahi. Neno tamthilia lina shina moja na mithili, mithali na methali, na dhana yake ya msingi ni kufananisha na kuiga. Lakini muulize mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya maana ya tamthilia, naye atakuonyesha kitabu kilicho mkobani mwake. Kinachoonekana kwa macho jukwaani atakiita mchezo, igizo au drama. Maana imehama kutoka tendo hadi chapa, na uhamaji huo una sababu zake.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa, na tamthilia ikapata hadhira ambayo hakuna ukumbi ungeweza kuikusanya. Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia (2001), Mstahiki Meya ya Timothy Arege, Kigogo ya Pauline Kea, na baadaye Bembea ya Maisha ya Arege zimesomwa na kizazi baada ya kizazi cha watahiniwa. Tusiidharau hadhira hiyo. Tusiyadharau pia makundi ya waigizaji yanayozunguka shuleni na kukodi kumbi ili kuwaigizia wanafunzi vitabu teule. Kwa hakika, huo ndio uigizaji wa Kiswahili wenye watazamaji wa uhakika kuliko mwingine wowote nchini.

Tatizo lake ni moja, nalo ni zito: kalenda yake inajazwa na mtihani. Kitabu kikiingia katika silabasi, mchezo unaigizwa kila wiki. Kitabu kikiondolewa, mchezo unazikwa hata kama haujazeeka. Mwelekezi naye hana uhuru mkubwa, kwa sababu watazamaji wake wanataka kuyasikia maneno yale yale watakayoulizwa. Ubunifu wa jukwaa unageuka kuwa marudio ya somo.

Wako watakaodai kwamba wakazi wa Nairobi hawakitaki Kiswahili jukwaani. Dai hilo halisimami. Vipindi vya televisheni kama Vioja Mahakamani na Vitimbi vilipendwa nchini kote kwa miongo kadhaa, tena kwa Kiswahili kilichobeba lafudhi na mitindo mbalimbali ya wasemaji. Watazamaji walikuwapo. Kilichokosekana ni tarehe.

6. Kurejeshwa jukwaani

Msimu wa maigizo katika jiji lolote kubwa huchanganya mapya na ya zamani. Mchezo mpya huonyesha kwamba lugha ingali inazaa. Mchezo uliorejeshwa huonyesha kwamba lugha ina kumbukumbu: mwelekezi wa leo anabishana na wa jana, na mstari uliosemwa kwa hasira mwaka fulani unasemwa kwa kejeli miaka thelathini baadaye. Bila ya kurejeshwa, mchezo una mwaka wa kuzaliwa tu, hauna umri. Pengine si sadfa kwamba Kiswahili hakijapata istilahi moja iliyozoeleka kwa tendo hili. Tunasema kuufufua mchezo, kuuigiza upya, kuurudisha. Istilahi hufuata mazoea, na mazoea bado ni machanga.

Mifano miwili ya karne hii inatosha. Wa kwanza ulitokea nje. Mwaka 2012 ukumbi wa Shakespeare's Globe, London, uliandaa msimu wa michezo 37 ya Shakespeare katika lugha 37. Kiswahili kilipewa The Merry Wives of Windsor, ukaigizwa na wasanii wa Afrika Mashariki, Mrisho Mpoto wa Tanzania akiwa Falstaff. Katika ratiba ile Kiswahili kilihesabiwa kuwa lugha kamili ya jukwaa, bila ya mtihani wowote kukihitaji.

Mfano wa pili ulitokea nyumbani. Mei 2022, miaka arubaini na mitano baada ya Kamĩrĩĩthũ, Ngaahika Ndeenda ulionyeshwa katika Ukumbi wa Kitaifa wa Nairobi. Lilikuwa tukio kubwa, na haki ilitendeka kwa kuchelewa. Maonyesho yalikuwa ya Kigikuyu na ya Kiingereza. Kiswahili, lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010, hakikuwa na siku yake, ijapokuwa tafsiri ya Kabugi ilikuwapo tangu 1982. Sisemi haya kwa kukilalamikia Kigikuyu, ambacho kilistahili siku zake zote. Nasema kwamba baina ya lugha ya nyumbani iliyopiganiwa na lugha ya kimataifa iliyozoeleka, lugha ya taifa ilisahaulika pasipo mtu kukusudia.

7. Hitimisho

Kusahaulika pasipo kukusudiwa ndiko kunakopasa kutushughulisha sisi wanafunzi wa lugha. Mwaka 1976 palikuwa na ubishi, na ubishi uliacha kumbukumbu. Mchezo wa Kiswahili usiorejeshwa hauachi ubishi wala kumbukumbu. Unabaki rafuni tu, na waigizaji waliojua namna ulivyosemwa wanaondoka mmoja mmoja. Mũgo alifariki 2023, Ngũgĩ akafuata 2025. Imbuga alikuwa ametangulia 2012.

Ninalopendekeza si kubwa. Idara zetu zikusanye ratiba, mabango na nakala za waelekezi kwa bidii ile ile tunayokusanyia tenzi. Tunapofundisha tamthilia, tufundishe pia ni wapi na lini iliigizwa. Na katika kila msimu wa jukwaa kuu la jiji, pawe na walau mchezo mmoja wa Kiswahili wa zamani ambao haumo katika silabasi yoyote, uigizwe kwa sababu tu unastahili kusikika tena. Siku nne zingetosha kuanzia.