TULIKWENDA MOMBASA KUPIGA PICHA ZA GEREZA

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, wapo waliouliza kwa nini watu wazima watoke Same, wapite Himo, Taveta na Voi mpaka Mombasa, eti kupiga picha za gereza la zamani. Picha nyingine tulizipata bila taabu. Za gereza lenyewe ndizo zilizotushinda.

Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira tangu 1696, wakaitwaa 1698. Mwaka 1875 meli za Waingereza ziliipiga mizinga kumshinda akida aliyemwasi Sultani wa Unguja. Asubuhi, jua likitokea baharini, kuta za matumbawe hung'aa hata mpiga picha hafifu akapata kitu cha kuonyesha watu. Mizinga ipo, na michoro ya merikebu iliyochorwa ukutani na Wareno nayo ipo.

Lakini tangu 1895 hadi 1958 ngome hiyo ilikuwa jela ya Waingereza. Miaka 63! Baada ya hapo majengo ya jela yaliondolewa, wachimbuaji wa mambo ya kale wakaingia, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho, kwa msaada wa fedha wa Wakfu wa Gulbenkian kutoka Ureno. Basi sishangai kwamba Mreno ndiye anayeonekana zaidi. Nilizunguka na kamera nusu siku nikitafuta mahali pa kusema, hapa mfungwa alilala. Nikarudi na picha za mizinga.

Hata neno tunalotumia latoka huko. Wataalamu wa lugha hulihusisha neno "gereza" na igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Kanisa lilikuwamo ngomeni, ngome nzima ikaitwa gereza, na watu walipofungwa humo jina likabaki na maana ya kufungia. Kwa hiyo sisi wa milimani tumekuwa tukiitaja ngome ile miaka yote bila kuijua.

Pale ukutani niliikumbuka Mbiru. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka wakapiga kambi Same, kupinga kodi iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu. Baadhi ya viongozi wao walihamishwa kwa nguvu. Kodi nayo ikaja kufutwa. Profesa Isaria Kimambo alichapisha kitabu juu ya habari hiyo mwaka 1971, wazee walioshiriki wakiwa bado wapo wa kuulizwa. Mtoto aliyezaliwa wakati wa kambi ile sasa ana miaka themanini hivi.

Tumekubaliana safari ijayo ya picha iwe hapa nyumbani, kuanzia bomani Same, kisha tupande zile njia walizoteremkia. Mwenye picha ya babu au bibi yake ya miaka hiyo ailete mkutanoni, hata kama mchwa wamekula pembe moja.