Mwaka wa mwanya

Mwaka ambao kijana wa Ulaya au Marekani huuweka kati ya sekondari na chuo kikuu, akasafiri, akajitolea au akafanya kazi, kwetu bado haujapata jina lililotulia. Wapo wanaouita mwaka wa mapumziko, vijana wanasema gepu, na wafasiri wenye haraka huandika mwaka wa pengo. Mimi napendekeza mwaka wa mwanya, na sababu yangu imo kinywani. Mwanya ni nafasi kati ya meno mawili yaliyo hai. Watu huusifu, na mwenye nao hucheka bila kuficha. Pengo ni pale jino lilipong'oka. Ndiyo maana msibani tunasema marehemu ameacha pengo, lakini anayefanikiwa kupenya mahali tunasema amepata mwanya.

Mapumziko hayafai hata kidogo. Binti wa Mamba Miamba, wilayani Same, ambako wanalima tangawizi, akirudi nyumbani Mei baada ya mtihani wa kidato cha sita hapewi mto wa kulalia. Anapewa jembe.

Tazama neno la Kiingereza, gap year, linavyofanya kazi kwa wenyewe. Mwaka 2016 ilipotangazwa kwamba Malia, binti wa Barack Obama, angekaa mwaka mmoja kabla ya kuanza Harvard 2017, nafasi yake chuoni ilikuwa tayari mkononi. Chuo kilimsubiri yeye. Uingereza nako mwombaji anaweza kuomba nafasi na kuahirisha kuanza kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo kiini cha istilahi si safari wala kujitolea, bali ni lile jino la pili: ng'ambo ya mwaka huo kuna mahali panapojulikana.

Huku kwetu Tanzania mambo huenda kinyume, kijana ndiye anayesubiri. Kidato cha nne humaliza Novemba na kidato cha tano huanza Julai. Kidato cha sita humaliza Mei na vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba. Mkute kijana stendi ya Same, muulize anafanya nini siku hizi. "Nipo tu, nasubiria." Anasubiria matokeo, kisha anasubiria majina ya waliochaguliwa, kisha mkopo. Miezi hiyo ni mingi, lakini siwezi kuiita mwanya, kwa sababu hajui kama jino la pili litaota.

Si kwamba dola haikuwahi kuijaza nafasi hiyo. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilianzishwa Julai 1963, na mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana Dar es Salaam kupinga kulazimishwa kulitumikia, Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300, akapunguza na mshahara wake mwenyewe. Kisha Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya chama tawala, TANU, ikakutana Musoma na kuamua kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Afanye kazi kwanza, na aje na maoni mazuri ya alikofanya kazi. Baada ya muda mfupi wasichana waliondolewa katika sharti hilo, kwa kuwa idadi yao chuoni ilikuwa imeanza kushuka. Sioni kama huo ulikuwa mwaka wa mwanya. Mwanya huchaguliwa, ule uliamriwa. Hata JKT ya leo, iliyositishwa 1994 ikarejeshwa 2013, inajieleza kwa jina lake: mafunzo kwa mujibu wa sheria.

Tukija kwenye kuchagua cha kufanya katika miezi hiyo, Same imekaa kwenye barabara kuu ya Arusha na Dar es Salaam, na mabasi hupita mchana kutwa. Jiji limefika mlangoni, kilichobaki ni tiketi. Ndiyo maana miezi ya kusubiria huanza na wazo la kwenda Dar, na kinachoitwa programu kikawa ama kozi fupi ya kompyuta, udereva au hoteli, ama kujitolea kwenye asasi, ama kukaa dukani kwa mjomba Kariakoo. Yote matatu yanaweza kuwa mema. Mimi ningeanza kwa kuuliza tarehe ya kumaliza kabla ya kuuliza ada. Dirisha la maombi ya vyuo na la mikopo ya HESLB hufunguliwa katikati ya mwaka, na kozi nzuri inayomfungia kijana asishughulikie maombi yake imeng'oa jino. Halafu usajili: chuo cha ufundi kisichojulikana na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, kitatoa cheti cha kupamba ukuta. Mabango ya mjini yanajua kuandika neno "kimataifa" kwa herufi kubwa kuliko jina la chuo.

Kujitolea nako kuna mtego wake. Zamani watu walijitolea kujenga shule na kuchimba msingi. Siku hizi neno hilo mara nyingi lina maana ya kufanya kazi ya mtu mwingine bila mshahara huku unajilipia nauli. Kama hakuna anayekufundisha, hiyo ni kazi.

Lakini gumu kuliko yote ni suala la pa kulala, maana hapo hakuna mkataba. Mjomba akisema, "Mlete mwanangu, hapa ni kwao," mama hawezi kudai maandishi. Anaweza hata hivyo kuuliza kwa adabu: "Kaka, shikamoo. Mtoto atakuwa darasani saa ngapi, na dukani saa ngapi?" Jibu likichelewa, amejua. Mabinti wengi walioitwa mjini kusoma waliishia kulea watoto wa wenyeji wao, na hakuna aliyetamka kwamba mpango umebadilika.

Upo pia mji wa mbali zaidi. Mpango wa serikali ya Ujerumani uitwao weltwärts ulianza 2008, na huwaleta vijana wa miaka 18 hadi 28 kujitolea katika nchi kama Tanzania. Tangu 2013 njia imefunguka na upande wa pili, kijana wa huku akaenda kujitolea Ujerumani akipewa posho na bima. Akitokea wakala anayedai malipo makubwa mapema kwa nafasi ya aina hii, ni wa kukimbiwa.

Na wanaobaki? Katika shule za kata za milimani, mhitimu wa kidato cha sita anayeshika chaki ya hesabu au fizikia huitwa mwalimu wa tempo. Halipwi sana, ila analala kwao, anakula kwao, na dirisha la maombi likifunguliwa fedha yake ya kulipia ipo. Kwa wengi naiona njia hii inashinda Dar.

Istilahi yangu ina mpaka wake. Kijana ambaye matokeo yamemnyima nafasi kabisa hana mwaka wa mwanya, na tusimpambie. Mtaa umeshampa neno lake, anajitafuta, na hilo halihitaji kutafsiriwa. Huyo asishauriwe kozi ya miezi mitatu ya kusogeza siku. Aulize chuo cha ufundi cha VETA kozi ndefu ya umeme au ya magari, au arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea.