Waheloti: jina lililorithiwa kama mnyororo

Katika Ugiriki ya kale, mji wa Sparta uliishi kwa jasho la watu walioitwa Waheloti. Walilima mashamba ya mabwana wao huko Lakonia na Messenia, wakiwapa sehemu ya mavuno. Walifungamanishwa na ardhi hiyo, wao na watoto wao.

Jina hilo lilitoka wapi? Waandishi wa kale walilihusisha na Helos, mji wa Lakonia ulioshindwa na Wasparta. Wataalamu wengi wa leo hulihusisha na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kukamata. Hivyo heloti ni "aliyetekwa".

Tuupime uzito wake. Aliyeshindwa vitani alikuwa babu. Lakini mjukuu, aliyezaliwa shambani na hajashika mkuki kamwe, aliitwa mateka vilevile. Aristotle alieleza kwamba wakuu wa Sparta waliwatangazia Waheloti vita kila mwaka, ili kumwua mmoja wao kusihesabiwe kuwa hatia ya damu. Wale wa Messenia walingoja hadi mwaka 369 kabla ya Kristo, Epaminondas wa Thebes alipowasaidia kuwa huru.

Ndugu wapendwa, Bwana wetu, katika usiku wa karamu ya mwisho, aliwaondolea wanafunzi jina la watumwa, akawaita rafiki. Nasi je? Mtoto aliyezaliwa na kubatizwa kati yetu, twamwita mkimbizi mpaka lini?